Goti la Kushoto la Tammo Habben

Göttingen, 23 Oktoba 1988

Kaka Tammo,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa sababu utanijibu kama watu wote wa kwetu Frisia wanavyojibu: "Inakwenda." Babu aliangukiwa na lango la zizi akasema inakwenda. Mama alisema inakwenda wiki ileile aliyofariki. Kwa hiyo nakuuliza kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana. Goti lako la kushoto linauma?

Jana nilikuona kwenye televisheni ya hosteli. Walionyesha dakika chache tu za klabu yako ya Ehrenbrunn, maana daraja la pili halina nafasi kubwa, lakini mtangazaji alikutaja mara kwa mara: Habben, kiungo asiyechoka. Wenzangu walishangilia, wanajua wewe ni kaka yangu. Mimi nilikuwa natazama miguu. Kila ulipogeuka, uligeukia kulia. Mpira ukija upande wa kushoto ulizunguka mduara mzima, kama lori linalotafuta mahali pa kugeuzia, ili usiuelemee ule mguu.

Labda nayaona haya kwa sababu ya muhula huu. Tumeanza kupasua maiti. Meza yetu ina mzee aliyeutoa mwili wake kwa chuo, na mimi nimegawiwa mguu wake. Mchana kutwa niko na goti mikononi. Nikilala, harufu ya dawa iko kwenye nywele zangu, na nikifumba macho naliona linavyokunjwa na kunyooshwa.

Baba alinipigia simu kunisomea alama uliyopewa na gazeti la Jumatatu iliyopita. Umepata mbili! Alijisifu kama yeye ndiye aliyefanya mtihani, na kama kwamba mimi sikusoma shule na sijui kuwa moja ndiyo ya juu kabisa na sita ni aibu. Kisha akaniambia kwamba Weserhafen wanakufuatilia. Daraja la kwanza, na si mbali na nyumbani. "Geske," akasema, "kijana anarudi kaskazini." Sijawahi kusikia sauti ile kwa Baba.

Ndiyo au hapana, Tammo.

Mdogo wako,
Geske


Ehrenbrunn, 2 Novemba 1988

Profesa,

Hapana.

Umeridhika? Dada wa watu wengine wanawatazama kaka zao uwanjani na kupiga makofi. Wa kwangu ananitazama kama muuza nyama anavyotazama paja. Nageukia kulia kwa sababu kocha Kutschera ameniambia nigeukie kulia. Kushoto yuko Stumpp, nahodha wetu, na ukimpita Stumpp bila kumpa mpira anakununia mpaka Alhamisi.

Huyo Stumpp ndiye aliyenipa jina. Hapa kusini kila anayetoka pwani ni kichwa cha samaki, na sisi wao tunawaita wala tambi. Kila asubuhi nikiingia chumba cha kubadilishia nguo:

"Jamani fungueni dirisha, Samaki kafika! Leo umenawa, Samaki?"

"Nimenawa. Wewe mla tambi umepiga mswaki?"

"Mmesikia? Samaki kaongea! Kutschera, njoo, Samaki kaongea!"

Ndivyo tunavyoishi. Wananipenda, usiwe na wasiwasi. Kazi ya kiungo wa aina yangu si ya kupendwa na watazamaji. Sifungi, sipigi chenga, sionekani. Napokonya mpira, nampa mwenzangu wa karibu, nakimbia tena. Kutschera huniambia, "Habben, wewe ukisimama, timu nzima inakaa chini." Hiyo kwangu inatosha kuliko alama ya gazeti.

Uchovu upo, nani hana? Ijumaa daktari wetu, mzee Seybold, anapita na begi lake na kuwachoma wenye matatizo madogomadogo, na Jumamosi tunaingia uwanjani kama watoto wa shule. Stumpp anaiita misa ya Ijumaa. Ni kawaida, kila klabu iko hivyo.

Msalimie mzee wako wa mezani. Na ule, umekonda.

Tammo


Göttingen, 9 Novemba 1988

Tammo,

Anakuchoma wapi?

Uliandika "wenye matatizo madogomadogo" na hukusema kama wewe ni mmoja wao. Nimeisoma sentensi ile mpaka karatasi imechakaa. Wewe ni mmoja wao. Ungekuwa si mmoja wao ungesema, ungefanya mzaha juu yao.

Nikueleze nilichokuwa nakitazama leo. Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ya mbele ni nene kama kidole changu kidogo, nyeupe, inang'aa. Hiyo ndiyo inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele mtu anapogeuka ghafla. Profesa wetu aliikata kwa kisu kidogo, kisha akatuambia tushike mguu wa mzee na kuuvuta. Ukaja. Ukaja tu mbele, laini, kama droo ya meza. Niliuachia mguu nikatoka nje, si kwa sababu ya maiti. Nilikumbuka lile lori linalotafuta pa kugeuzia.

Mtu ambaye kano hiyo imekatika anaweza kukimbia mbele. Anaweza hata kucheza, misuli yake ikiwa na nguvu. Lakini kila akigeuka, mifupa inasagana na gegedu, ule utando mgumu unaokinga ncha za mifupa, inaliwa, na gegedu haioti tena. Maumivu ndiyo yanayomwambia aache. Huyo Seybold wako anayafunga mdomo maumivu hayo kila Ijumaa, halafu anakusukuma uwanjani. Huku chuoni kwetu mtu kama huyo hatumwiti daktari.

Nenda ukafunguliwe goti, waangalie ndani. Ukikataa, nitamwambia Baba.

Geske


Ehrenbrunn, 20 Novemba 1988

Geske,

Usithubutu.

Haya, nisikilize, kwa sababu nitasema mara moja. Ilikuwa majira ya kuchipua ya mwaka jana, kwenye mazoezi, si hata mechi. Kijana mmoja wa akiba aliniangukia kwa pembeni. Nilisikia mlio, kama mtu anavunja kijiti chini ya blanketi. Goti likavimba, likapungua, nikarudi. Tangu hapo, nikigeukia kushoto linaondoka. Sina neno jingine. Linaondoka, halafu linarudi. Aliyejua alikuwa Seybold peke yake. Sasa na wewe.

Unasema nifunguliwe. Unajua maana yake? Mwaka mzima nje, na mkataba wangu unakwisha Juni. Klabu ya daraja la pili haimlishi mgonjwa. Nina miaka ishirini na minne, sina ufundi wowote mikononi, shule niliacha ili niende na mpira. Nikilala kwenye meza ya daktari nikiwa mchezaji wa Ehrenbrunn, nitaamka nikiwa si mchezaji wa mtu yeyote. Lakini nikilala nikiwa mchezaji wa Weserhafen, wana madaktari wao na watanisubiri. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote.

Watanitazama Januari, kwenye mashindano ya ndani pale Oldenburg. Ndiyo, yaleyale ya mapumziko ya baridi, watano kwa watano, kapeti ya plastiki na mbao pembeni, wakati watu wenye akili wako nyumbani wamenyoosha miguu. Mtu wao ameniambia kwa mdomo wake: "Tukuone Oldenburg, kisha tukae mezani." Baba ameshanunua tiketi.

Mpaka Januari tu. Halafu nitakupa goti hili ulifungue mwenyewe kama unataka.

Na Seybold si mtu mbaya. Ana mikono baridi, hilo tu.

Tammo


Westerhamm, nyumbani, 4 Desemba 1988

Kaka,

Nilikuja kumwambia. Nilisafiri Ijumaa nikiwa nimeyapanga maneno kama mtoto anayekwenda kukariri. Nimeshindwa, na sasa naandika kutoka chumbani kwako, kitandani kwako, Baba akiwa chini.

Alinikaribisha chai. Aliweka sukari ya mawe, akamimina, akaacha maziwa yazame yenyewe, hakukoroga. Kikombe cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Cha tatu nikavuta pumzi, nikasema, "Baba, kuhusu Tammo."

"Nimekodi basi," akasema.

"Basi gani?"

"La Oldenburg. Chama chote kinakwenda." Unajua chama chake ni kile cha wazee wa kurusha mpira wa mbao barabarani, wale wanaotembea Jumapili na vikombe vidogo vya pombe shingoni. "Hinrich anakuja. Hata Folkert na nyonga yake anakuja. Nimewaambia, mtu asiniulize kuhusu miguu ya kijana wangu, aje aione. Miguu ile ni ya farasi, Geske. Mimi nimefanya kazi ya ukuta wa bahari tangu nina miaka kumi na minne, nimebeba udongo kwa mgongo huu, na hakuna mtu aliyewahi kukodi basi kuja kunitazama."

Halafu akacheka. Baba alicheka, Tammo! Ulikuwa unataka kusema nini, akaniuliza. Nikasema nilitaka kujua kama kuna nafasi moja kwenye basi.

Kwa hiyo sikusema. Najiuliza kama ni huruma au ni woga, na kadiri ninavyojiuliza ndivyo ninavyoona kwamba kwangu vitu hivyo viwili vina sura moja.

Geske


Ehrenbrunn, 28 Desemba 1988

Profesa wangu,

Barua hii usimsomee mtu.

Seybold amekataa. Jana alinishika goti, akalivuta kama wewe ulivyomvuta yule mzee wako. Kisha akafunga begi.

"Sasa basi, Habben."

"Moja tu, daktari. Ya Oldenburg."

"Nilishasema moja tu mara nyingi mno. Hamna kitu tena humo ndani. Sichomi. Mwambie kocha, au nimwambie mimi baada ya sikukuu."

Nilimsihi. Mimi nilimsihi mtu, Geske. Akasema kama ni kumchukia nimchukie tu.

Bila sindano siwezi kushuka ngazi. Nimejaribu. Stumpp amenipatia vichupa viwili vya dawa ya ganzi na sindano zake. Usiniulize kavitoa wapi. Kinachokosekana ni mkono. Wewe umeshika goti miezi yote hii. Unajua mahali pa kupita, unajua kipi cha kukwepa. Kuna chumba cha marefa upande wa nyuma wa ukumbi, mlinzi wake nilicheza naye utotoni, atatufungulia.

Najua ninachokuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, jaribu kukumbuka kama nimewahi. Ukija, utanifanyia kwa usahihi. Usipokuja, nitajichoma mwenyewe chooni, na hapo kweli sijui sindano itaingia wapi.

Baada ya hapo naenda kufunguliwa. Naapa kwa kaburi la Mama.

Usijibu. Njoo tu, au usije.

Tammo


Göttingen, 15 Januari 1989

Tammo,

Nimefika hospitalini Oldenburg mara mbili na mara mbili nesi wa wodi yenu amenirudisha. Mara ya pili alinionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni: Geske Habben, asiingie. Mwandiko ni wako. Nimeelewa. Sikulaumu. Mimi pia nisingetaka kuiona mikono hii.

Lakini barua hawawezi kuzizuia, kwa hiyo soma.

Nilifungasha mfuko wangu, nikaufungua, nikaufunga tena, kwa sababu mara tatu niliamua nisije. Mara ya mwisho nilifunga kwa haraka, basi la Baba lilikuwa linanisubiri stesheni ya Oldenburg. Spiriti ya kusafishia ngozi ilibaki juu ya kitanda. Niligundua nikiwa tayari nje ya chumba cha marefa, nikatafuta mfukoni, nikatafuta tena. Baba akanikuta pale kwenye ujia.

"Mbona unatetemeka, mtoto? Atacheza vizuri tu." Akanipa chupa yake ya bapa yenye pombe. "Kunywa, upate joto."

Sikunywa. Niliingia nayo.

Wewe ulikuwa umegeuza uso ukutani, hukuona nilichokimimina kwenye goti lako na kwenye vidole vyangu. Ulisema tu, "Unanuka kama Folkert," tukacheka sote wawili. Nilijua pombe ile haina hata nusu ya nguvu inayotakiwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nilijua huku namimina. Nje walikuwa wanaimba jina lako, na mimi nikajiambia ni afadhali kuliko maji.

Halafu ukacheza vile. Uligeukia kushoto! Niliona mtu wa Weserhafen akikushika mkono. Nilimwona Baba amebebwa juujuu na wazee wasioweza kubeba hata viti vyao, na Hinrich akimpigia Baba kelele, "Okko, huyu si wako, huyu mmemwokota!" Kwa dakika zile nilikuwa na furaha, Tammo. Nisipokuambia hilo nitakuwa nimekudanganya.

Siku ya tatu ukapata homa. Sasa wamelifungua goti mara mbili kutoa usaha, na Baba hanielezi kingine kwa simu isipokuwa "inakwenda".

Acha niwaambie madaktari wako. Lazima wajue kilichoingia, kimeingiaje, na nani alikiingiza. Andika neno moja tu.

Geske


Oldenburg, hospitali, 29 Januari 1989

Geske,

Nina homa, vumilia mwandiko.

Wewe na elimu yako yote, huelewi kitu. Sikukuzuia mlangoni kwa hasira. Uso wako hauwezi kuficha hata sukari mdomoni. Ungeingia hapa, ungemwona daktari wa zamu, na kabla hajakuuliza jina ungeshamwambia kila kitu. Ndiyo maana nilibandika ile karatasi. Kile ambacho madaktari walihitaji wameshakipata kwenye usaha, wanajua ni mdudu gani na dawa gani. Jina la aliyechoma haliponyi kitu.

Waliniuliza, "Nani alikuchoma?" Nikanyamaza. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Daktari wa klabu, bila shaka," na mimi nikaendelea kunyamaza. Sikumtaja Seybold. Sikumkana pia. Kisha gazeti likaandika kwamba ni yeye, na klabu ikamfukuza siku iliyofuata, na Kutschera akaja hapa na zabibu, akaniambia, "Yule mzee tumemwondoa, usijali, Samaki." Nikala zabibu.

Seybold ni mzee. Ana nyumba, ana pensheni, ana bustani ya mizabibu. Wewe una miaka ishirini na mmoja na hujaanza. Ukisema, hutakuwa daktari wa hata kuku. Nimepiga hesabu, na hii ndiyo inayotoka.

Goti limekwisha. Gegedu yote imeliwa. Mwezi Machi wataunganisha mfupa wa juu na wa chini viwe kitu kimoja, na mguu hautakunjwa tena. Weserhafen walituma kadi yenye picha ya meli.

Nilicheza vizuri, sivyo? Hakuna aliyeniambia alama. Gazeti halitoi alama kwa mechi za ndani.

Choma barua hii. Maliza masomo. Mmoja wetu amalize kitu.

Tammo


Göttingen, 26 Februari 1989

Kaka Tammo,

Sikuichoma.

Nilikwenda Ehrenbrunn. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungeninyima. Nyumba yake iko mwisho wa barabara, na kwenye ukuta wa bustani mtu ameandika neno kwa rangi nyekundu, mkewe alikuwa analisugua kwa brashi. Alinitazama, hakuniuliza kitu, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Seybold alikuwa jikoni anamenya viazi. Nikasema mimi ni Habben, dada yake. Akaendelea kumenya.

"Unasoma udaktari," akasema. "Aliniambia. Alikuwa anajisifia wewe kila Ijumaa."

Nikasogea karibu na meza. Ndipo akaweka kisu chini, akanitazama mikono.

"Ulipitia upande gani?"

"Wa nje. Juu kidogo ya pia ya goti."

"Hapo ni sahihi. Mikono ulisafisha na nini?"

Nikamwambia. Alifumba macho. Nilitaka anipige, Tammo, nilikuwa nimesimama kama mtu anayesubiri kupigwa. Akasema, "Lile goti nililiua mimi, binti. Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa mkono msafi. Nenda zako nyumbani. Soma. Mimi hili neno la ukutani nastahili, hata kama si kwa siku ile."

Mkewe alikuwa ameingia. Akasema, "Wewe labda unalistahili, Eugen. Mimi sistahili kulisugua." Na akatoka tena nje na ndoo.

Kwenye treni nilijaribu hesabu yako. Nilijaribu kwa uaminifu kabisa. Kila nikifika mwisho namwona yule mama na brashi. Nikiwa daktari kwa hesabu hiyo, kila goti nitakaloligusa maisha yangu yote litakuwa limelipiwa na yeye.

Jumatano nilikwenda kwa mkuu wa kitivo nikamweleza yote. Alhamisi nikaenda polisi. Stumpp sikumtaja, wala yule mlinzi. Kuhusu vichupa nilisema utaulizwa wewe. Nimesimamishwa chuo, na mkuu hakunificha kwamba sitarudi. Ijumaa gazeti la Ehrenbrunn liliandika mistari minne kwamba daktari hakuhusika. Mistari minne, ukurasa wa ndani. Fedheha yake iliandikwa ukurasa wa kwanza.

Jambo moja sikulisema. Niliandika "pombe". Hawakuuliza ni ya nani, na mimi sikueleza. Baba ameshajua kwamba mkono ulikuwa wangu. Nilimwambia mwenyewe, tumekaa mezani, na safari hii nilisema kabla ya kikombe cha kwanza. Alitoka akaenda kusimama kwenye ukuta wa bahari, hakurudi mpaka chakula kikapoa. Lakini kuhusu chupa yake hajui. Hilo nakuachia wewe pia ulibebe. Nisamehe kwa kukuongezea mzigo, sina mwingine wa kumpa.

Hayo mengine kama ni ya kusamehewa, sijui. Siulizi.

Geske


Oldenburg, hospitali, 19 Machi 1989

Geske,

Nilipoipata barua yako niliirusha ikagonga ukuta. Mgonjwa mwenzangu akaniokotea, akaniuliza ni msichana, nikasema ndiyo, akasema wote wako hivyo. Siku kadhaa sikutaka hata kuiona bahasha. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja cha kujivunia, kwamba nilikukinga. Nimekaba watu maisha yangu yote, na wewe ukanipita katikati ya miguu.

Polisi walikuja. Niliwaambia nilikulazimisha. Wakaandika.

Upasuaji umefanyika. Mguu umenyooka kama nguzo, na vyuma vinapita kwenye ngozi mpaka mfupani, na nje vimeshikwa na fremu kama ya jukwaa la wajenzi. Watavitoa kiangazi. Wamenipa barua rasmi inayosema mimi ni mlemavu wa michezo, yaani sitacheza tena. Kijana wa mazoezi ya viungo alinisimamisha jana. Nilikwenda mpaka dirishani na kurudi. Akaniambia vizuri sana, kwa sauti ile wanayoitumia kwa watoto.

Baba huja kila Jumapili kwa basi la kawaida. Anakaa, anatazama fremu. Jumapili iliyopita akasema, "Geske amepata kazi kiwanda cha chai, anapakia." Nikasema nimesikia. Akakaa tena. Kisha akasema, "Mikono yake inakuwa baridi huko." Alipoondoka alisimama mlangoni muda mrefu akiisoma ile karatasi yangu ya kukuzuia. Kuhusu lile jingine, hajui, na kwangu hatajua.

Leo nimemwita nesi, nikamwambia aibandue. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia aibandue tu.

Kwa hiyo njoo. Usilete maua, usilete keki, na usije na uso wa mazishi. Lete mkasi mzuri, ule wa Mama wa kukatia vitambaa, na sindano na uzi. Suruali zangu zote haziwezi kupita juu ya hivi vyuma, lazima zipasuliwe pembeni. Kitu pekee kinachonitosha ni bukta za klabu, na siku wakinitoa hapa sitaki kupita mlangoni nimevaa hizo.

Tammo